Chila Yangu Ilivyotoa Povu Mbele ya Mwenye Ploti

Leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kuteleza barabarani, ukainuka ukajifanya unatafuta kitu ulichoangusha. Hii ni aibu ya kuzungukwa na ploti nzima, mwenye ploti akiwa mbele kabisa, huku povu likikutoka chini ya rinda. Nimechoka, hata kulia siwezi. Wacha niwasimulie mwenyewe, maana kesho mtaisikia kwa wengine na wataongeza chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Kwa wasionijua: mimi ni Akinyi. Nalala Lindi, Kibera, lakini kazi yangu iko Kawangware, kule mtaa wa Kongo, kwenye chumba cha mbele cha ploti ya Mzee Kamau, yaani vyumba vyake vya kupangisha. Ndani ya chumba hicho kuna mashine ya leza. Inachora mbao na kukata plastiki ngumu: vibao vya milango, zawadi za washindi, majina ya kuchomeka juu ya keki. Miale yake hutoka kwenye bomba la kioo, na bomba hilo hupata moto mbaya sana. Kwa hivyo nyuma ya mashine kuna kisanduku kingine tunachokiita chila. Kina tangi dogo la maji na pampu. Pampu inasukuma maji yakalipoze bomba, maji yanarudi kwenye chila yapozwe, kisha yanaenda tena. Maji yasipopita, bomba linapasuka. Likipasuka, mimi nafunga duka naanza kuuza njugu.

Sayansi imeisha hapo. Hakuna mtihani.

Sasa, ploti yetu ina mfereji mmoja, na maji huja yakijisikia. Anayelipia maji hayo ni Mzee Kamau, na maji ndiyo kitu cha pekee duniani kinachomtoa machozi. Getini kuna kibao kikubwa: HAKUNA KUOSHA MAGARI. HAKUNA KAZI YA DOBI. (Kibao hicho nilikichora mimi, na nilikichora vizuri.) Pale pale chini ya kibao hukaa Mama Brayo na jiko lake la mandazi. Mama Brayo ni jirani yangu wa mlango kwa mlango, na hakuna kitu kinachopita lile geti bila yeye kukijua. Hata paka akipita na kitu mdomoni, huulizwa amekitoa wapi.

Majuzi Mama Brayo aliniona nikiingiza mtungi wa maji dukani. Akauliza ni wa nini. Nikamwambia ukweli, kwamba ni wa mashine. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kumwambia mtu ukweli asubuhi kabla hajanywa chai. Kufika jioni, ploti nzima ilikuwa inajua kwamba mfereji unakauka kwa sababu mashine ya Akinyi inakunywa maji.

Mzee Kamau akaja. Kofia ya kanisani kichwani, fimbo mkononi, viatu vinang'aa.

"Wewe mama, nimeambiwa hiyo mashine inakunywa maji kuliko ng'ombe."

"Hapana mzee. Hainywi. Maji yanazunguka tu."

"Yanazunguka yanaenda wapi?"

"Yanarudi."

"Yakirudi yanaenda wapi?"

"Yanazunguka, mzee."

Alinitazama kama mtu anayeuziwa shamba hewani. Kisha akasema yeye si mtu wa kufukuza watu kwa sababu ya udaku. Atakuja Jumamosi ajionee kwa macho yake, na wapangaji wawe mashahidi. Mashine ikiwa hainywi maji, nitakaa. Ikiwa inakunywa, nitampa funguo mwezi ukiisha.

Mnielewe hapo. Mashine yangu ni kubwa kama friji ya bucha iliyolazwa. Ili niiingize kwenye hicho chumba, mlango ulibidi utolewe pamoja na fremu. Nilizunguka Kawangware mpaka viatu vikaisha nikitafuta chumba chenye mlango mpana na stima isiyozimika kila mtu akiwasha pasi. Nikikipoteza hicho, sina pengine. Kwangu Lindi ukifungua mlango unagonga kitanda. Hata ningeiweka mashine juu ya kitanda nilale chini, haiingii.

Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

Nimefika mapema kabisa. Nimefagia, nimepanga vibao vyangu ukutani, nimetandika hata kitambaa juu ya meza ionekane ni ofisi ya mtu mwenye akili. Nikawasha chila.

Piiiiiiiiii!

Alamu. Taa nyekundu inawaka na kuzima. Maana yake ni moja: maji hayapiti. Nimezima, nimewasha. Piiiiii! Nimezima tena, nimeomba, nimewasha. Piiiiii! (Maombi yalikuwa mafupi, labda ndiyo sababu.)

Nikampigia Rajabu. Rajabu ni fundi wa friji, ni jirani yangu kule Lindi, na ndiye aliyeniuzia chila hii ikiwa imeshatumika. Huizungumzia kama binti yake aliyemwoza. Leo alikuwa mtaa wa Ayany, kichwa kiko ndani ya friji ya mtu.

"Niaje Madam. Mtoto anasumbua?"

"Analia, Rajabu. Na mwenye ploti anakuja."

"Tulia. Cheki paipu, pengine imekunjika nyuma ya mashine."

Nikaangalia. Haijakunjika.

"Cheki ile wavu ya feni. Ikiwa na vumbi, haipumui."

Nikaangalia. Hapo nilikuta vumbi lililochanganyika na mafuta na unga wa mandazi wa Mama Brayo, limeshikana kabisa, unaweza kulichana na kulisuka. Nikalibandua. Nikawasha. Piiiiii!

"Sawa. Fungua tangi uniambie maji inakaa aje."

Nikafungua. Nikafunga. Nikafungua tena kuhakikisha.

"Ni ya kijani, Rajabu."

"Kijani kidogo ama kijani?"

"Kijani ya mrenda."

Nikasikia friji ya watu ikinguruma kule Ayany.

"Madam. Uliweka maji gani?"

Nikalifunika tangi, kana kwamba ananiona.

"Uliweka ya mfereji. Si nilikushow ununue ile maji safi haina chumvi, ile ya kuweka kwa betri ya gari? Na ubadilishe kabla ioze? Sasa imeota mimea ndani, imeziba chujio. Mwaga yote, osha tangi na sabuni, suuza mpaka itoke safi, weka maji mpya. Ukiwasha utaona viputo. Hiyo ni hewa, iache itoke."

Maji safi nilikuwa nayo. Niliyanunua wiki iliyopita, nikayaweka kwenye mtungi kona ya duka, kila siku nasema nitabadilisha kesho. Kwa hivyo shida haikuwa maji ya kuweka. Shida ilikuwa kumwaga.

Fikirieni. Mwenye ploti anakuja kuona kama natumia maji. Mimi nitoke nje nikimwaga maji kwenye mtaro, tena ya kijani, mbele ya Mama Brayo? Hiyo ni kujipeleka polisi mwenyewe na pingu umejifunga. Tena hata kama hakuna anayekuja, sisi hatumwagi maji. Nimelelewa Lindi. Maji ya kusuuzia vyombo yanaosha sakafu, ya sakafu yanamwagwa mlangoni kutuliza vumbi. Maji yakifika kwetu hayatoki hadi yawe yamefanya kazi zote anazofanya mtu.

Basi nikafunga mlango. Maji ya kijani nikayamimina kwenye mtungi. Nikaosha tangi kwa sabuni ya maji, ile ya kupimiwa dukani, isiyo na rangi. Na mimi nikiosha kitu, naosha. Nilimimina sabuni kama vile imenunuliwa na mama mkwe. Nikasugua, nikasuuza kwa ndoo yangu ya maji ya kunawa, na maji hayo ya kusuuzia nikayahifadhi kwenye mtungi mwingine, nikijiambia jioni nitapigia deki.

Hesabuni mitungi pamoja nami, kwa sababu mimi sikuihesabu. Kulikuwa na wa maji ya kijani. Kulikuwa na wa maji ya sabuni. Kulikuwa na wa maji safi. Yote ni ile ya njano ya mafuta ya kupikia. Yote imezibwa kwa karatasi ya nailoni. Yote iko kwenye kona moja, na juu yake nimetupia shuka ili mzee asiione.

Nikasikia sauti ya Mama Brayo kule nje, tamu kabisa:

"Mzee! Karibu mzee! Tumekungoja!"

Nikafunua shuka nikashika mtungi. Wa kijani niliutambua. Hiyo miwili mingine? Nikanusa wa kwanza: sabuni. Nikanusa wa pili: sabuni. Nikanusa tena wa kwanza. Kumbe kilichonuka sabuni kilikuwa mikono yangu. Nikainua mmoja nikautikisa, nikasema huu ndio safi, kwa sababu ulikuwa karibu. (Sina sababu nyingine. Msinitafutie.)

Nikamimina. Niliona viputo. Kweli niliviona. Nikajiambia, ahaa, ile hewa ya Rajabu.

Nikawasha. Hakuna alamu. Kimya kitamu. Pampu ikaanza kunguruma taratibu, namba za joto zikaanza kushuka. Nikafunga kifuniko cha tangi, nikarudisha shuka juu ya mitungi, nikajifuta jasho, nikafungua mlango nikitabasamu kama mtu wa benki.

Nje kulikuwa na ploti nzima. Watu ambao huwa nawaona Krismasi peke yake walikuwepo. Mbele yao, Mzee Kamau na kofia yake. Kando yake, Mama Brayo, ameacha mandazi peke yake kwenye karai, jambo ambalo hajawahi kufanya hata kwa mazishi.

"Haya," mzee akasema, "tuonyeshe."

Na mimi, kwa sababu akili yangu hunijia wakati mbaya, nikaamua kufanya mambo kwa ushahidi. Ubavuni mwa chila kuna kioo chembamba kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya tangi. Nikamwomba Mama Brayo mwenyewe, adui yangu, achukue kalamu aweke alama pale maji yalipoishia. Akaweka. Alipiga mstari mnene wa kutosha kuonekana kutoka barabarani.

"Sasa mzee," nikasema, "nitafanya kazi hapa mbele yako. Nikimaliza, tutaangalia huo mstari. Maji yakiwa yamepungua hata kidogo, nitakupa funguo leo, nisingoje mwezi."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Watu wakaguna kwa heshima. Mzee akaitikia kwa kichwa, amependa. Nikaweka ubao mzuri kwenye mashine, nikaanza kumchorea mzee jina lake: MZEE KAMAU, na maua pembeni. (Kujipendekeza si dhambi ukiwa na mashine nzito.) Leza ikaanza kuchora. Moshi kidogo, harufu ya mbao, herufi ya kwanza ikatokea, watu wakasema "Eeeeh!" Mzee akasogea karibu kuliona jina lake. Nikaona anajizuia kutabasamu. Nikajua chumba ni changu.

Ndipo mtoto wa mtu akasema, "Maji inapanda."

Sikugeuka. Nikadhani wanaongelea jambo lingine.

"Ati nini?" mzee akauliza.

Mama Brayo akainama kwenye kioo. "Mzee, njoo uone. Maji imepita mstari wangu."

Mzee akainama. Na mimi nikainama. Ndani ya kile kioo hapakuwa na maji tena. Kulikuwa na kitu cheupe, laini, kinachopanda bila haraka.

"Wewe mama," Mzee Kamau akasema polepole, "ulisema haipungui. Haukusema inaongezeka."

Pampu ilikuwa inayakoroga yale maji ya sabuni kama mtu anayepiga mayai. Nikaona kifuniko cha tangi kinatetemeka. Kisha kikainuka kidogo upande mmoja, na povu likachungulia.

Sasa nisikilizeni. Mtu mwenye akili angezima umeme. Swichi ilikuwa pale, ukutani, karibu kuliko hata kiti. Mimi nikakaa juu ya chila.

Nilikaa! Nikakunja mguu juu ya mguu, nikaweka mikono magotini, nikaendelea kueleza. "Kama mnavyoona," nikasema, "maji yanazunguka..." Povu likatoka upande wa kulia wa rinda. Nikasogea kulia. Likatoka kushoto. Nikatandaza rinda. Likatoka mbele. Watu wamejipanga kama kanisani, wananiangalia nikifura kutoka chini. Nikaendelea kutabasamu. Sijui nilikuwa natabasamia nini.

Piiiiiiiiiiii!

Alamu, chini ya makalio yangu. Niliruka. Kifuniko nacho kikaruka. Povu likatoka lote kwa pamoja, likashuka ubavuni, likapita chini ya meza, likaenda moja kwa moja hadi kwenye viatu vya Mzee Kamau, vile vinavyong'aa, likavifunika.

Hapo ndipo mtu mmoja alipozima swichi. Si mimi.

Mama Brayo ndiye aliyepata sauti kwanza, na Mungu amempa sauti.

"Woooi! Ni mashine ya kufua! Anafua! Akinyi anafua nguo humu ndani!"

"Ndio maana maji huisha!" mwingine akadakia.

"Na vile hujifanya anachora vibao!"

"Sio kufua," nikasema. "Ni ya kupoza. Inapoza leza."

"Na sabuni ni ya kupoza pia?" Mama Brayo akauliza. Swali zuri, lazima nikubali.

Kisha akaiona ile shuka ya kona. Akaivuta. Mitungi ya njano ikatokea imepangwa kama watoto wa shule. Akatoa karatasi ya nailoni kwenye mmoja, akachungulia, akapiga makofi.

"Oneni maji ya nguo! Imetoa rangi! Hii ni sweta ya shule ya kijani!"

Ploti nzima ikachungulia kwa zamu. Kila aliyechungulia alitikisa kichwa kwa huzuni. Mmoja akaitambua shule kabisa.

"Hiyo ni mimea," nikasema. "Imeota kwenye maji."

Hata mimi nilijisikia. Nisingejiamini.

Nikakumbuka Rajabu. Nikasema, ngojeni, kuna fundi, ataeleza. Nikampigia na nikaweka simu kwa sauti kubwa ili wote wasikie shahidi wangu. Sikumpa muda wa kujiandaa. Yeye naye hakunipa muda wa kumwonya.

"Madam! Ulimaliza kuosha?"

Watu wakasema, "Haaaa!"

"Rajabu, ngoja kwanza, hebu waeleze watu hapa..."

"Ulisuuza poa? Maanake sabuni ikibaki itakutolea povu hadi ushangae. Ni lazima usuuze na maji mob, Madam, usihurumie maji."

Nikakata simu. Kuna watu walikuwa wameketi chini kwa kicheko. Mama Brayo hakucheka. Yeye alikuwa amesimama na mikono kiunoni, mwanamke ambaye alisema jambo na dunia ikamjibu ndiyo.

Mzee Kamau alitoa kitambaa mfukoni akafuta kiatu kimoja, akafuta cha pili, akakunja kitambaa. Akatazama lile jina lake ubaoni. Lilikuwa limefika MZEE KAM. Akainua fimbo akawaonyesha watu mlango, wakatoka. Naye akatoka nyuma yao. Alipofika kizingitini akageuka.

"Nimekuandikia pale getini," akasema. "Hakuna dobi. Na ni wewe ulichora."

Akaenda.

Sitawadanganya, niliketi sakafuni kwenye povu na nikahisi vibaya sana. Si ile ya kuchekesha. Nilikiangalia chumba changu, mlango wangu mpana, vibao vyangu ukutani, nikawaza nitaanza wapi kutafuta kingine na mgongo huu. Nilitaka mtu aniambie pole, na aliyekuwepo ni mashine.

Lakini kazi haingoji moyo upoe. Nikainuka. Nikatoa maji yote kwenye chila, nikafungua chujio nikalisafisha kwa mswaki, nikasuuza tangi na mabomba mpaka maji yakatoka hayana kiputo. Nikafungua mtungi wa maji safi, sasa nikaonja kabisa kwa ulimi. Nikajaza. Nikawasha. Viputo vichache vikapita, na hivyo vilikuwa hewa ya kweli, vikatoka vikaisha. Alamu haikulia. Namba zikashuka vizuri. Chila ilifanya kazi kama siku ilipozaliwa, na hakuna hata mtu mmoja wa kuiona.

Nikamalizia lile jina la mzee, kwa sababu siachi kazi katikati. AU. Na maua.

Ilikuwa alasiri nilipopanga vifaa vyangu kwenye katoni. Mlango ukabishwa. Polepole, kama anayebisha hataki kusikika. Nikafungua. Alikuwa Mzee Kamau, peke yake, na viatu vingine. Mkononi alibeba gunia lililovimba. Akatazama nyuma kuelekea kwa Mama Brayo, akaingia, akafunga mlango yeye mwenyewe.

"Wewe mama," akasema, sauti ya chini.

"Ndiyo mzee. Funguo nitakupa, nilikuwa naweka vitu..."

"Nyamaza kidogo." Akaweka gunia mezani. "Huyu mama wetu wa nyumbani, mke wangu, mgongo unamsumbua. Daktari amemkataza kuinama kufua. Na hataki mtu mwingine aguse vitu zake. Zinakaa tu, zinanuka." Akafungua gunia. Ndani kulikuwa na blanketi. Zito, la miaka ile, lenye simba. "Hiyo mashine yako. Inaweza blanketi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote. Mzee, hii haifui. Mzee, hii ni chila, maji yanazunguka, bomba ni la kioo, kile ulichoona kilikuwa mtungi uliokosewa. Nikamtazama. Alikuwa ameshika ncha ya blanketi kwa vidole viwili, mzee huyu anayeingurumia ploti nzima, na alikuwa na aibu. Nikafikiria kueleza tena: yanazunguka, yanarudi, yanaenda wapi. Nikahisi uchovu kuanzia unyayoni.

"Inaweza, mzee," nikasema.

Uso wake ukafunguka wote. "Mimi niliona! Vile ilikuwa inatoa povu, nikajua hii ni mashine ya nguvu." Akanipiga bega. "Basi kaa. Hiyo maneno ya funguo imeisha. Lakini usifulie watu wa ploti, maji itaisha. Yangu peke yake."

Akaona ubao wenye jina lake. Akauchukua, akauweka kwapani, akatoka akiwa mrefu zaidi.

Kwa hivyo nimebaki na chumba. Mlango wangu mpana ni wangu. Tatizo ni kwamba sasa ndiyo nimekuwa dobi kweli, dobi wa siri wa mtu aliyepiga marufuku udobi, na ninatumia maji ya mfereji wake kumfulia, mimi niliyeapa mbele ya watu kwamba situmii hata tone. Mama Brayo ameniuliza mbona sihami. Nimemwambia amuulize mzee. Amemuuliza. Mzee amemwambia achunge mandazi yake.

Nawaandikia nikiwa ndani, mlango nimeufunga. Leza nimeiacha inachora ubao ambao hakuna aliyeuagiza, ili mzee akipita nje asikie mashine inanguruma na aridhike. Chila iko baridi, imetulia, haina hata kiputo kimoja. Na mimi niko kwenye beseni, rinda nimelifunga kiunoni, nakanyaga simba kwa miguu.

Ameshaniambia mapazia yako njiani.

Haya. Blanketi hili likilowa haliwezi kukamuliwa na mtu mmoja, kila mtu aliyelelewa na mama anajua hivyo. Anayetaka kunicheka aje kwanza ashike upande wa pili.